Nilisingizia Sikio Nisisafiri Naye Tena, Sasa Amepata Basi

Mshauri mpendwa,

Nisaidie kabla sijapimwa sikio ambalo halina tatizo lolote, maana nimefika mahali ambapo nikisema ukweli naweza kumpoteza rafiki yangu wa tangu utotoni, na nikinyamaza nitajikuta ndani ya basi naye, nchi hadi nchi, tumekaa viti vya mbele kabisa nyuma ya dereva, na ukishamjua rafiki yangu huyu utaelewa kwa nini natetemeka.

Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo za kike na sare za shule, na rafiki yangu ni mwalimu wa udereva, mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata mume wangu, hata mimi. Tumekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, tumezikiana wazazi, tumeleana watoto, wangu wanamwita mama mkubwa na wake wananiita mama mdogo ingawa mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa, na hapo hapo tu utaona mambo yetu yalivyo. Tangu tukiwa wasichana tuliahidiana kwamba kabla magoti hayajagoma tutapanda ndege sisi wawili, bila waume, bila watoto, twende tu nchi ya watu tukashangae, na mwaka huu baada ya kudunduliza weee tukaweza, tukaenda, na sitakudanganya, nilikuwa na furaha mpaka nikashindwa kula.

Vituko vilianzia uwanja wa ndege. Mwalimu aliniambia, "Lete hiyo pasipoti, wewe utaisahau chooni," akaitia mkobani mwake, na mpaka tuliporudi nilikuwa nakabidhiwa madirishani tu na kunyang'anywa tena. Kule tulikofika, ofisa wa dirishani aliponiuliza kazi yangu kwa ishara na maneno machache ya kubahatisha, kabla sijafungua mdomo Mwalimu alishapaza sauti kutoka nyuma ya mstari, "Fundi! Huyo ni fundi! Ni mwoga kidogo, msimtishe!" Na kabla ya hapo, ndani ya ndege ilipoanza kushuka, alikuwa ameushika mkono wangu mpaka pete ikaniachia alama, na mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu, kanyaga, kanyaga, kwa sababu gari la kufundishia lina breki ya pili upande wa mwalimu na mguu wake umeshazoea. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Wakati huo nilikuwa bado nacheka.

Sasa nchi ile magari yanapita upande tofauti na kwetu. Tulisoma hilo kabla ya kuondoka na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenisomea, lakini kusoma ni jambo moja na mwili ni jambo lingine. Taksi ilipokuja, yeye ambaye hajawahi kukaa kiti cha nyuma cha gari lolote alifungua mlango wa mbele wa upande ambao kwetu hukaa abiria, akaingia, akajikuta ana usukani mbele yake na dereva amesimama nje na sanduku langu mkononi, haelewi amepata wageni wa namna gani. Mtu mwingine angeona aibu. Mwalimu alirekebisha kioo kwanza, ndipo akashuka na kuhamia kiti cha mbele cha abiria.

Tulipokata kona ya kwanza, yule dereva akaingia upande wake halali kabisa, Mwalimu akaona lori linatokea mbele upande ambao moyo wake ulimwambia si wa lori, akapiga kelele, "Upande! Baba, upande wako!" akavuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Gari likasimama mshazari katikati ya barabara, honi kila pembe, mimi nimeangukia kiti cha mbele. Dereva alizima gari. Alishuka, akafungua buti, akayapanga masanduku yetu vizuri kando ya barabara, akatuinamia kidogo kwa heshima, akaondoka zake. Tukatembea tukiyaburuta hadi hotelini, langu tairi limeshavunjika, na njia nzima Mwalimu ananieleza makosa ya dereva yule, kwamba hata kofia alivaa vibaya.

Sasa lile la pazia naomba nilieleze mwenyewe kwa sababu Mwalimu analisimulia vibaya. Chumba chetu kilikuwa kizuri, vitanda viwili, meza, dirisha kubwa, lakini pazia pindo lake upande mmoja limefumuka na upande wa pili amelikunja mtu asiyejua kazi, kwa hiyo linaning'inia huku juu huku chini. Niambie, mtu unakaaje na kitu kama hicho mbele ya macho? Mimi sindano na uzi natembea navyo kama wengine wanavyotembea na dawa zao. Asubuhi Mwalimu alipoingia kuoga nilipanda kiti, nikalishusha, nikakaa nalo kitandani, na kwa kuwa ni refu na sakafu imeshakanyagwa na viatu nikaiweka ncha yake ndani ya sanduku langu lililokuwa wazi, lisichafuke, na fundi yeyote angefanya vivyo hivyo. Ndipo mama wa usafi alipofungua mlango. Akaona dirisha tupu, mgeni na sindano mdomoni, na pazia la hoteli nusu lipo ndani ya sanduku la safari.

Alikwenda kumleta meneja mbio. Lugha yao sijui hata salamu, nikawa naonyesha pindo, naonyesha sindano, nazidi kuharibu. Mwalimu akatoka bafuni na taulo na mapovu ya sabuni masikioni, akatazama, akaelewa papo hapo, maana ananijua, na badala ya kunitetea unajua alifanya nini? Alimtazama meneja kwa huzuni, akaninyooshea kidole, halafu akakizungusha kidole hicho kichwani mwake, akanipapasa bega. Meneja akaitikia kwa kichwa, masikini, akaelewa. Kuanzia hapo hoteli nzima ilikuwa inaniongelesha polepole. Wenzangu wanakunywa chai kwenye vikombe vya udongo, mimi naletewa cha plastiki chenye mfuniko. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini, na kusema kweli hata mimi nilicheka, lakini kicheko changu kilikuwa kinakwama njiani. Pazia nililimaliza, likanyooka, na hakuna aliyelitazama.

Na ndivyo tulivyokwenda kila siku. Mezani yeye anajiagizia samaki na mimi ananiagizia supu, "tumbo lako silijui?" Barabarani ananishika kiganja, "Tazama kushoto. Sasa kulia. Ngoja. Vuka!" Nikisimama kuangalia dirisha la duka la nguo, "Twende, tunachelewa," na hatuna tulikokuwa tunakwenda. Mshauri, nilibakiza kubandikwa ile alama ya L ya mwanafunzi wa udereva mgongoni.

Siku moja mchana miguu ikamvimba, akajinyoosha kitandani, usingizi ukamchukua. Nikabeba viatu mkononi, nikafungua mlango taratibu, nikatoka peke yangu. Sikuwa na nia mbaya, nilitaka tu kutembea bila kuambiwa nitazame wapi. Nikapita uchochoro huu, nikapita ule, mara nikasikia mashine za kushona, na mlio huo hauna lugha, nikaufuata mpaka kwenye chumba chini ya ngazi ambamo wanawake walikuwa wanashona makoti, mikono ya makoti imerundikwa hadi karibu na dari. Nikasimama mlangoni. Aliye mkubwa wao hakunitazama uso, alitazama gauni langu, akaja, akainua pindo, akaligeuza ndani nje kuona mshono. Na mimi nikaigeuza kola ya koti lake. Tukacheka wote. Wakanipa kiti, wakanipa mashine, wakanipa mkono wa koti niuambatishe, na mkono wa koti si kazi ndogo, pale begani ndipo fundi anapojulikana. Nikaambatisha, yule mkubwa akaukagua kimya, halafu akanipa mwingine. Nilisikia furaha ambayo sijui nikueleze vipi. Hakuna aliyenisemea. Hakuna aliyeniongelesha polepole.

Niliporudi jua linaelekea kuzama, Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ngazi za hoteli, hana viatu, analia. Tangu mazishi ya mama yake sijamwona analia. Meneja amesimama kushoto kwake, mama wa usafi kulia kwake na glasi ya maji. Aliponiona aliruka, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi, halafu akanipiga bega, halafu akaanza: nilikuwa wapi, nina akili gani, ningegongwa je, ningeibwa je, yeye angemwambia nini mume wangu. Alinisema kama mtoto mbele ya watu ambao tayari wanaamini sina akili timamu. Nikamwambia nilitoka kupunga upepo. Kile chumba cha makoti sikukitaja, sijakitaja mpaka leo. Na pale pale kwenye ngazi nikaapa moyoni kwamba mimi na Mwalimu hatupandi tena chombo kimoja.

Tumerudi nyumbani, yeye hana habari. Anaisimulia safari kila mahali, na anaisimulia vizuri mno, watu wanashika mbavu, mimi mwenyewe nacheka upya. Halafu juzijuzi akaingia kibandani kwangu uso unang'aa, "Fundi, jiandae, nimeshajua safari ijayo tunakwenda wapi." Ulimi wangu ukateleza peke yake. Nikasema daktari amenikataza ndege. Akauliza kwa nini. Nikasema sikio.

Laiti ningesema goti! Kesho yake alikuja na kofia ya sufu ya kufunika masikio, kwenye joto hili. Akatangaza mtaani. Sasa wateja wanakuja kupima nguo wananipigia kelele, "FUNDI, KIUNO KIPUNGUE KIDOGO!" na jirani ananipa pole kwa mikono kama bubu. Mume wangu kila asubuhi ananiuliza, "Leo ni la kulia au la kushoto?" kwa sababu mbele ya Mwalimu nililishika la kushoto siku moja na la kulia siku iliyofuata, halafu anakwenda kucheka uani. Wiki iliyopita ndiyo Mwalimu akaja na furaha kubwa kuliko ya mwanzo. Amepata ufumbuzi. Tutakwenda kwa basi! Barabara mwanzo mwisho, mipaka tutaivuka kwa miguu, na ameshaomba viti vya nyuma ya dereva "ili nimsaidie." Na juu ya hayo yupo daktari wa masikio ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kuegesha gari, amekubali kuniona Jumatatu, kama hisani.

Mshauri, nifanye nini? Yule daktari akichungulia atakuta sikio safi. Nikimwambia Mwalimu ukweli, kwamba nilidanganya kwa sababu sitaki kusafiri naye, atavunjika moyo na sidhani kama tutarudi tulivyokuwa, na nikimkosa yeye hakuna mtu mwingine duniani aliyenijua nikiwa sina meno ya mbele. Nikinyamaza nitapanda basi, na mipaka yote nitavuka nikiwa nimeshikwa kiganja. Nampenda. Lakini sitaki kwenda tena kama mwanafunzi wake. Nakuomba jina langu usilitaje.

Ni mimi,
Fundi mwenye masikio mazima

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole kwa mambo yote isipokuwa sikio.

Barua yako imesomwa ofisini humu kwa sauti na kazi zikasimama, kwa hiyo nakushukuru, na sasa kaa vizuri nikuseme. Wewe huna matatizo ya sikio. Wewe una tatizo la kumeza. Umemeza pasipoti, umemeza supu usiyoitaka, umemeza kikombe cha mfuniko, umemeza maneno ya kwenye ngazi, na ulipojaa hadi shingoni ulichotapika ni uongo. Nani alikuzuia kusema, "Mwalimu, leo nataka samaki"? Neno samaki lingevunja urafiki wa tangu darasa la kwanza? Ungelisema siku ya kwanza, leo ungekuwa unashona mikoba ya safari badala ya kuvaa sufu kwenye joto.

Na usinifanyie mimi ujanja wa kujitoa kwenye hesabu ya vituko. Unamcheka mwenzako kwa kuvuta breki ya gari la watu, halafu wewe umeshusha pazia la watu, umeliingiza ndani ya sanduku, na unaniambia fundi yeyote angefanya vivyo hivyo. Fundi yeyote angemwita mwenye hoteli kwanza. Wote wawili mlisafiri na kazi zenu mgongoni. Tofauti ni kwamba yake ina kelele.

Kukuzungushia kidole kichwani alikosea, hilo halina mjadala, na umwambie lilikuuma. Lakini tuseme yote. Alitoka bafuni na mapovu, akakuta ugenini mwenzake anakaribia kuitiwa polisi, akashika la kwanza lililomjia, na mkaendelea kulala hotelini. Lilikuwa baya na likakuokoa, na wewe unaruhusiwa kukasirika na kushukuru kwa wakati mmoja. Watu wazima tunafanya hivyo kila siku.

Sasa nikuulize jambo ambalo umeliandika kwa mkono wako bila kulisoma. Ndege ilipokuwa inashuka, nani alishika mkono wa nani? Umeniambia pete ilikuachia alama. Dada yangu, anayekanyaga breki isiyokuwepo si jeuri, anaogopa. Huyo mwanamke maisha yake yote amekaa kando ya watu wasiojua kuendesha, na kinga yake ni ile breki ya pili miguuni pake. Kule ugenini hapakuwa na breki ya pili. Magari yalikuja upande usio wake, lugha haijui, na mtu wake wa pekee nchi nzima ulikuwa wewe. Ndiyo maana alikushika kiganja. Alipoamka akakuta kitanda chako kitupu, alitoka bila viatu. Wewe umelihesabu hilo kama aibu uliyofanyiwa mbele ya meneja. Hebu lihesabu tena.

Lakini hofu yake si ruhusa ya kukutawala, na sitaki urudi kwenye supu. Kwa hiyo sikia.

Uende kwake wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Usitume mtoto, usipige simu, na nakukataza kabisa kumshonea gauni. Nawajua nyie mafundi, mkikosa mnashona, mtu anapewa nguo mpya na hajui amekosewa nini. Nenda mikono mitupu. Kofia iache nyumbani.

Ukifika, anza na sikio. Mwambie, "Sikio langu zima, nilikudanganya." Usianze na sababu, maana ukianza na sababu atazijibu moja moja na jioni mtajikuta mnajadili taksi. Atapiga kelele, mwache apige. Akishamaliza, mwambie ulivyojisikia ulipokuwa unasemewa, na usimwambie yeye ni mtu wa namna gani. Mwambie, "Nilijisikia mtoto." Inatosha. Halafu, tafadhali sana, msimulie kile chumba cha makoti. Umenipa mimi nisiyekujua, na umemnyima yule ambaye angekifurahia kuliko wote. Amezunguka mtaa mzima anasimulia safari nusu, hajui kwamba nusu nzuri zaidi unayo wewe.

Daktari mrudishie nafasi yake leo hii, kuna wanaoumwa kweli.

Kuhusu basi, mimi nasema mwende. Usinikunjie uso. Mtu asiyetaka kusafiri na mwenzake haandiki kurasa hizi zote akicheka kila kona. Lakini mwende kwa masharti, na uyaseme kabla tiketi hazijakatwa. Pasipoti yako ikae kwenye mkoba wako, na ukiisahau chooni uirudie mwenyewe. Chakula kila mtu anajiagizia. Siku moja anaongoza yeye, siku inayofuata unaongoza wewe, na siku yako ukitaka kusimama dirisha la duka la nguo hadi jua lizame, asimame naye. Ukitaka kutoka peke yako toka, lakini aga. Kumuaga mtu si kumwomba ruhusa, na katika hili, fundi, wewe ndiye uliyekosa. Viti viwe vya nyuma kabisa, ambako dereva haonekani. Na mapazia ya nyumba za wageni yabaki yalivyo, hata yakiwa yamekatwa kwa meno.

Akikataa masharti yote, utakuwa umejua, na utakaa nyumbani kwa sababu ya kweli. Lakini sidhani. Aliyetafuta basi, akatafuta na daktari, yote kwa ajili ya sikio la uongo, hatakuacha kwa ajili ya samaki.

La mwisho. Jina lako nimeliondoa kama ulivyoomba. Nimeondoa na la mtaa. Lakini sikuweza kuondoa pazia, wala taksi, wala mwalimu wa udereva mwanamke, na mtaani kwenu hakuna atakayesoma hapa asijue ni nani. Wala usiniambie Mwalimu hausomi ukurasa huu. Kila mtu husema hausomi, na kila mtu huanza nao. Gazeti limeshatoka. Kwa hiyo ungekuwa umeshasimama, viatu viko wapi?

Na kama ni yeye aliyetangulia kufika kwenye mstari huu, basi nina neno moja na yeye. Mwalimu, shikamoo. Rafiki yako yuko njiani anakuja kwako. Unalijua tayari analotaka kusema, na najua ulimi unakuwasha. Mfungulie mlango, mpe kiti, kisha nyamaza. Mwache aseme mwenyewe.